Ulifuata nini baharini?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa kibarazani kwangu Mlingotini, Bagamoyo, na leo ni siku ya nne miguu yangu haijagusa chumvi. Ni maji mafu. Bahari haipwi vya kutosha, shamba limezama, na sisi wakulima wa mwani tunabaki nyumbani na mawazo yetu.

Nina miaka 36. Mume wangu ni mvuvi, tuna binti mmoja yuko darasa la sita. Miaka mitano iliyopita nilipita nyumba kwa nyumba nikawakusanya wanawake wenzangu, tukawa 18, tukaanzisha kikundi. Wengine waume zao hawakutaka, nikaenda kuwabembeleza. Mmoja nilimfundisha kufunga mbegu kwenye kamba usiku, kwa taa ya simu, kwa sababu mchana mama mkwe wake hakumpa nafasi ya kutoka. Nikisema mimi ndiye niliyewatia watu baharini, siongezi chumvi.

Mwanzoni tuliona raha. Unachomeka vigingi, unatandika kamba, siku 45 unavuna, unaanika, unajaza viroba. Pesa haikuwa nyingi, lakini ilikuwa ya kwako, hukumwomba mtu.

Masika ya mwaka jana ndiyo yaliyotuanza. Mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo, maji ya tope yakaingia baharini. Bamvua iliyofuata, bahari ilipokupwa sana, nikashuka, nikashika kamba ya kwanza: ncha za mwani zimekuwa nyeupe pee kama nguo iliyolowekwa kwenye jiki. Nikavuta, ikanijia kamba tupu na vifundo vyake. Ya pili vivyo hivyo. Nilitembea shamba zima nikivuta kamba tupu, mpaka maji yakaanza kunirudia kiunoni. Tukachukua mbegu kwa mkopo, tukapanda tena. Ikaja kaskazi na jua lake, maji yakawa ya uvuguvugu miguuni, mwani ukafa mara ya pili.

Kidogo tulichookoa tulikianika juu ya makuti mchangani kama siku zote, tukakipeleka kwa mnunuzi. Kijana wa mizani akachota mwani kwenye kiroba, akaufikicha kiganjani, akasema, "Mama, huu una mchanga," akakata kilo 12. Hizo 12 alizipata wapi, sijui. Bei nayo walikuwa wameshaishusha. Kamba ni za mnunuzi huyo huyo, ametukopesha, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuuza kwingine. Nilinyamaza. Wenzangu wote walikuwa wananitazama mimi.

Wanawake 11 wameondoka. Tumebaki 7, na hao wenzangu nao wananitia hasira. Baharini hawaji, nashuka mimi na mwenzangu mmoja tu. Lakini Jumapili saa kumi, kwenye kikoba, hakosi mtu. Wamekaa mkekani na vijitabu vyao, wanahesabu hisa, wanacheka. Sabuni ya mwani pia wanaipenda, kwa kuwa inatengenezwa kivulini. Na hawajui kwamba deni la ile mbegu ya mara ya pili nililimaliza mimi, niliuza hereni zangu nikanyamaza.

Zamani nilikuwa na uhakika, Shangazi. Nikiwa darasa la tano nilirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Mama alikuwa mjane. Akanishika mkono tukaenda kwa mjomba, tukakaa barazani kwake tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, mjomba yuko ndani, tunamsikia anacheka na redio. Alipotoka akatupa nusu ya tulichoomba. Sijui kwa nini nakueleza haya, turudi kwenye mwani.

Shemeji yangu anataka niende Mbagala nikasaidiane na mkewe kuuza mitumba. Mume wangu hanilazimishi, ila juzi tukiwa tunakula ameniuliza, "Hivi wewe, bibie, unatafuta nini kule baharini?" Nimekosa jibu. Nimeswali istikhara mara tatu, kumwomba Mungu anionyeshe njia, sijaota chochote.

Nitajuaje kama huu ni mtihani wa kuvumilia, au ni mlango unafungwa nami nimeng'ang'ania komeo?

Ukinielekeza pa kukuletea, nitakuletea sabuni zetu japo tano, zawadi.

Mwenye Kamba Tupu, Mlingotini

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na nimepiga mstari chini ya sehemu mbili. Nitazifikia. Kwanza tuliondoe hili la istikhara. Mimi si sheikh, lakini nilivyofundishwa chuoni, istikhara haina sharti la ndoto. Unaomba kheri, kisha unatumia akili uliyopewa, unawauliza wajuzi, unaendelea na shughuli zako. Umeniuliza mimi, hiyo nayo ni sehemu yake.

Wala sitakuambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu nyingine huwa zimeshaoza mtini. Na habari za Bagamoyo na kubwaga moyo tuwaachie wanaotembeza watalii.

Mstari wa kwanza nimeupiga juu kabisa ya barua: siku ya nne miguu haijagusa chumvi. Kwa wasomaji wa bara nieleze kidogo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na hapo ndipo shamba la mwani linapofikika kwa miguu. Katikati, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu. Maana yake mkulima wa mwani hufanya kazi kwa mafungu: siku kadhaa anakimbizana na maji, siku kadhaa amekaa, mikono mapajani.

Sasa angalia yanayokuumiza yalikukuta lini. Ncha nyeupe uliziona bamvua. Kijana wa mizani ulimkuta kazini. Hayo yalikutia hasira, na hasira yako ina sababu, ina mtu, ina kilo 12. Lakini hili swali la nibaki au niende, naapa halikukujia ukiwa majini unafunga mbegu. Limekuja siku ya nne ya kibaraza.

Mimi hasira na shaka siziweki chungu kimoja. Hasira ukiisikiliza itakuonyesha mahali palipovunjika. Shaka ya maji mafu haionyeshi kitu, inazunguka tu kama mbu aliyenasa ndani ya chandarua: humwoni, hakuumi, na hulali. Kwa hiyo nakuwekea sharti. Uamuzi wa kuondoka, kama utaufanya, ufanye siku ya bamvua, umetoka shambani, kanga bado inachuruzika. Ukisimama na maji magotini, kamba iko mkononi, na moyo bado unasema basi, hapo nitakuamini na hapo ujiamini. Siku za maji mafu usiamue jambo lolote kubwa kuliko mboga ya jioni.

Mstari wa pili nimeupiga pale ulipotaka kunikimbiza, "sijui kwa nini nakueleza haya". Mimi najua. Mumeo amekuuliza unatafuta nini baharini ukakosa jibu, na jibu unalo tangu darasa la tano. Hukufuata mwani wewe. Mwani kama zao la biashara umeanza kwetu mwaka 1989 kule Unguja, tena kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mama yako alipokuwa msichana, mkulima wa mwani Bagamoyo hakuwa mtu anayejulikana. Ungekuta wenzako wanafuga kuku, ungefuga kuku. Ulichofuata ni kwamba mwanamke asikae tena kwenye baraza la mtu tangu alasiri mpaka magharibi, akingojea nusu.

Ukishalikubali hilo, warudie wale wenzako wanaokukera. Baharini hawaji, ila Jumapili saa kumi hakosi mtu. Wameshika vijitabu, wanahesabu hisa, wanacheka. Mwanangu, umeisoma hiyo kwa hasira, isome tena taratibu. Mchango wa shule ukidaiwa kesho asubuhi, mmoja wa wale wanawake ataenda kwa mjomba? Atafungua sanduku la kikoba, atakopa, atalipa mwezi ujao. Ile kazi uliyoiendea baharini inafanyika kila wiki, mbele yako, kwenye mkeka. Nawe umeketi hapo hapo umenuna, kwa sababu hawajalowa.

Hapo hapo Bagamoyo, wa umri wangu wanakumbuka mwaka 2002 ukumbi mkubwa wa Chuo cha Sanaa ulipoteketea. Kwa mtu wa jukwaa hilo si jambo dogo. Ukumbi mpya haukuja kesho yake, ulichukua miaka. Ngoma ziliendelea kupigwa, kwa sababu hakuna aliyekwenda chuoni pale kujifunza ukumbi.

Sijasema mwani hauna maana. Hapa naomba twende polepole, maana nadhani unajilaumu kwa mambo ambayo si yako. Mwani tunaolima ni wa aina mbili, kotonii na spinosamu. Kotonii ndio wenye bei, kwa ule ute wake mzito unaotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu, lakini ndio dhaifu. Maji ya pwani ya kina kifupi yakipata joto, unakufa, na habari hii wakulima wa Unguja na wa pwani yetu wameililia kwa miaka 20 na zaidi. Spinosamu una bei ndogo, ila unavumilia zaidi. Mvua nazo zikizidi, maji yake hupunguza chumvi ya bahari, mwani unadhoofu na ncha zinageuka nyeupe. Hukuniambia mlipanda upi. Kama ni kotonii kwenye maji ya magoti, nakushauri usirudie kaskazi ijayo. Vyovyote iwavyo, uliposhika ile kamba tupu, hukushika uzembe wako.

Iko njia ya kulima kwenye kina kirefu zaidi, kamba zikielea kwa maboya, ambako maji hayachemki ovyo na hungoji bamvua. Shida yake inataka chombo, na inataka watu wanaojua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani, ajabu ya Mungu, tunazeekea ufukweni hatujui kuogelea. Lakini wewe una mvuvi ndani ya nyumba! Bwana amekuuliza unatafuta nini baharini. Msimulie habari ya baraza la mjomba. Kisha mwambie akutolee ngalawa asubuhi mbili kwa mwezi mjaribu kamba tano tu, si 50. Mume akiuliza swali kama lile kwa upole, mara nyingi hatafuti kukuzuia. Anatafuta pa kushika.

Na mizani. Hapa nakasirika pamoja nawe, kwa hiyo niseme yanayofanyika. Mizani ya biashara nchini kwetu inatakiwa iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na iwe na alama yao. Siku nyingine kabla kiroba hakijapanda, iulizie alama hiyo, kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu. Nunueni ya kwenu pia, ile ya kuning'iniza wanayotumia wauza samaki, mpime nyumbani na kuandika kilo za kila kiroba. Halafu acheni kuanika mchangani. Makuti hayazuii mchanga, upepo ukivuma unaingia tu. Jengeni chanja za miti, mwani ukauke juu juu. Yule kijana alikuonea kwenye zile kilo 12, ila kisingizio mlimpelekea wenyewe.

Mzizi wa kunyamaza kwako ni zile kamba. Mwenye kamba zake ndiye mwenye sauti mizanini. Anzeni kununua zenu kidogo kidogo kutoka kwenye faida ya sabuni. Halmashauri zina mikopo ya vikundi isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, na asilimia 4 kati yake imetengwa kwa wanawake. Ulizeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Lakini msikope kwa ajili ya mbegu wakati shamba linakufa. Mkope kwa kamba, ambayo haiozi, au kwa vifaa vya sabuni.

Sasa nikugombeze. Hereni. Hapo umeniudhi. Unauza mali yako kimya kimya kuwafichia deni watu wazima, kisha unawanunia kwa kutokuuthamini mzigo ambao hujawaonyesha. Wao wanacheka mkekani kwa sababu hawajui. Jumapili hii, kabla hisa hazijahesabiwa, waambie: mbegu iligharimu kiasi hiki, nimelipa mimi. Usilie, usilaumu. Kiandikwe kitabuni kama deni la kikundi, wakulipe kidogo kidogo hata likichukua mwaka. Najua utaona aibu. Mimi ningeona pia. Lakini wewe, kati ya watu wote, umejiweka mwenyewe barazani unangoja nusu.

Kuhusu Mbagala, sitakuzuia. Mitumba ni kazi ya halali, na kuondoka si usaliti. Mimi nilishona sare za shule miaka tisa, macho yakaanza kukataa uzi, nikauza cherehani na nikalia njia nzima kurudi nyumbani. Baadaye nikagundua kilichokuwa kinaniamsha asubuhi si cherehani. Ni wale watu waliokuwa wanakaa kwenye benchi wakinieleza mambo yao huku napiga pindo. Ndiyo maana leo unaniandikia barua. Kwa hiyo ukienda Mbagala, jiulize kama utakwenda na lile lako, au utakwenda kukaa dukani kwa shemeji ukingoja akupe chako atakapopenda. Ukipata meza yako na daftari lako, nenda na baraka zangu, kikoba kitabaki kwa wenzako na Jumapili utapanda gari uje. Ukiwa ni mtu wa kusaidia tu, bila hesabu, hilo ni baraza la mjomba limehamia Dar es Salaam.

Nipe bamvua tatu. Ya kwanza, mizani na chanja. Ya pili, zile kamba tano na mumeo. Ya tatu, simama shambani maji yakiwa magotini ujiulize lile swali lako, kisha uniandikie siku hiyo hiyo, usingoje maji mafu.

Na hizo sabuni nazitaka, tena si tano, niletee kumi. Lakini zawadi sipokei. Niandikie bei, niandikie na jina la mweka hazina wenu, nimlipe yeye ili iingie kitabuni.

Shangazi